Walichelewa pamoja, aliyelipwa fidia ni mmoja

Walikaa viti vilivyopakana, ndege moja, siku moja, wakafika Chicago wakiwa wamechelewa saa 22 na nusu. Kaka yangu amelipwa fidia ya euro 600. Mama yangu hakulipwa fidia hata senti moja. Hakuna aliyekosea kujaza fomu, na shirika la ndege halikumdhulumu mama kwa maana ya kisheria. Ndivyo sheria yenyewe ilivyo, na imenichukua miezi kadhaa kuielewa. Naandika haya kwa sababu najua familia nyingi hapa nchini zina mtoto, mjomba au shangazi Marekani, na njia ya kwenda huko mara nyingi inapita Ulaya.

Nianze na safari yenyewe, maana asiyeijua anaweza kudhani tulikuwa tunapigania hela tu.

Mama mdogo, mdogo wake mama wa ziwa moja, aliishi Chicago zaidi ya miaka 20. Mwaka jana saratani ilimzidi, hospitali ikamruhusu arudi nyumbani, na watu wazima mnajua maana ya ruhusa ya namna hiyo. Mama alikuwa na viza ya Marekani ambayo haijaisha muda wake, aliyoipata kwa safari ya kwenda kumwona mjukuu. Tukachangishana ndugu wote, tukamkatia tiketi moja ya Dar es Salaam hadi Chicago, kwa kubadilisha ndege katika kiwanja kikubwa kimoja cha Ulaya. Kaka anaishi Hamburg, Ujerumani. Akakata tiketi yake ya Hamburg hadi Chicago kwa shirika hilo hilo ili wakutane pale pa kubadilishia ndege, mama asivuke bahari peke yake. Mama ana miaka 71 na Kiingereza chake ni cha salamu.

Walikutana Jumanne asubuhi kama tulivyopanga. Ndege ya Chicago ilikuwa iruke saa saba mchana. Saa saba ikapita, wakaambiwa wasubiri kidogo, kuna hitilafu katika mfumo wa mafuta na mafundi wanaishughulikia. Saa kumi wakaambiwa hivyo hivyo. Saa moja jioni ndipo likaja tangazo la kweli: ndege haitaruka leo, itaruka kesho saa tano na nusu asubuhi, abiria wote watapelekwa hotelini.

Hapa ndipo pasipoti ya Tanzania ilipojitokeza. Kwenda hotelini maana yake ni kutoka nje ya kiwanja, na kutoka nje ya kiwanja maana yake ni kuingia Ulaya, na mama hakuwa na viza ya kuingia Ulaya. Viza ya Marekani ilimtosha kupita, haikumtosha kulala. Mabasi yakaondoka na abiria wengine. Mama akabaki ndani, kwenye viti vya chuma vya eneo la kusubiria. Kaka ana kibali cha kuishi Ujerumani na chumba chake kilikuwa kimeshatengwa, lakini alikikataa akabaki naye. Alinunua blanketi, chai, mikate, na risiti zote akazitia kwenye pochi. Ana tabia hiyo tangu utotoni, tulikuwa tukimcheka.

Saa kumi alfajiri simu ikaita kutoka Chicago. Huko ilikuwa saa tatu usiku wa Jumanne. Mama mdogo ameshatangulia mbele ya haki.

Kaka hakusema kitu papo hapo. Alingoja mama amalize kuswali alfajiri juu ya lile blanketi. Mama alipotoa salamu na kugeuka, alimtazama usoni, akasema mwenyewe, “Ameshatangulia, siyo baba?”

Sasa piga hesabu. Kama ndege ingeruka kwa wakati wake, wangetua Chicago Jumanne saa tisa alasiri. Mama angekuwa na mdogo wake jioni ile yote. Mtoto wa mama mdogo alituambia baadaye kwamba mgonjwa alikuwa anaongea vizuri hadi magharibi, na aliulizia mara mbili dada amefika wapi. Ndege ilitua Jumatano saa saba na nusu mchana. Maziko yalikuwa yamepangwa baada ya adhuhuri. Waliwasubiri kadiri walivyoweza, lakini kule wafanyakazi wa makaburini wana saa zao na hawangojani na mtu. Saa nane wakamzika. Mama na kaka walitoka kiwanjani saa tisa, wakaenda moja kwa moja, wakakuta udongo umeshasawazishwa.

Habari ya fidia iliingia nyumbani kwetu miezi miwili baadaye, mama alipokwisha kurudi. Kaka alipiga simu kutoka Hamburg kwamba jirani yake kamwambia anaweza kudai, na mama pia. Mama alikataa kwa mkato. Alisema hatakula fedha ya kumkosa mdogo wake. Tukanyamaza. Baada ya siku tatu, tukiwa tunachambua mchele, akaniuliza jambo ambalo nimelikumbuka katika hatua zote zilizofuata: “Hiyo hela ni sadaka yao au ni haki ya mtu?” Nikamjibu kwamba kwa ninavyosikia ni sheria. “Basi kama ni haki, walipe. Sadaka yao siitaki.”

Kwa kweli swali lake ndilo lenye kiini cha jambo, kwa sababu mashirika ya ndege hupenda sana kulipa haki kwa sura ya sadaka. Jibu la kwanza alilopata kaka, baada ya wiki sita, lilisema hitilafu ile ilikuwa ni mazingira yasiyo ya kawaida, hivyo hadai kitu, lakini kwa moyo wa ukarimu wanampa vocha ya euro 150 ya kununulia tiketi nyingine kwao. Ukisoma barua ya namna hiyo umechoka na umefiwa, unaweza ukashukuru na kuichukua.

Sheria yenyewe ni Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Februari 2005. Inampa abiria kiasi kilichopangwa kufuatana na umbali: euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, euro 400 kwa safari za kati, na euro 600 kwa safari ndefu ya zaidi ya kilomita 3,500 inayotoka nje ya Umoja, kama hizi za kuvuka Atlantiki. Hakuna anayeulizwa alinunua tiketi kwa bei gani. Aliyelipa nusu bei na aliyekaa mbele kwenye viti vya kitajiri wanapata sawa, na mtoto mwenye tiketi yake ya kulipia anahesabika kama mtu mzima. Kanuni ilipoandikwa iliahidi fidia kwa ndege zilizofutwa na watu walionyimwa nafasi. Ni Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliyosema mwaka 2009 kwamba anayefika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi naye alipwe. Kwa safari ndefu, ukichelewa zaidi ya saa tatu lakini hukufikisha nne, shirika linaweza kukukata nusu. Na saa ya kufika haihesabiwi magurudumu yanapogusa chini. Mahakama hiyo hiyo iliamua mwaka 2014 kwamba umefika pale mlango mmoja wa ndege unapofunguliwa na abiria wanaruhusiwa kutoka. Kwa mtu aliyechelewa saa tatu kasoro dakika tano, jambo hilo ni hela.

Shirika linaweza kuepuka kulipa likithibitisha kwamba kilicholichelewesha ni mazingira yasiyo ya kawaida ambayo lisingeweza kuyazuia: dhoruba, mgomo wa waongozaji wa ndege, tishio la usalama. Lakini kuharibika kwa kifaa si dhoruba. Desemba 2008 mahakama ilisema hitilafu za kiufundi zinazojitokeza katika kuendesha na kutunza ndege ni sehemu ya kazi ya kila siku ya shirika. Kaka aliandika ukurasa mmoja tu. Alitaja uamuzi huo, akasema vocha haitaki, kwa sababu kanuni inasema vocha hutolewa pale tu abiria anapokubali kwa saini, na akaambatanisha picha ya ubao wa matangazo aliyoipiga usiku ule. Walipokaa kimya zaidi ya miezi miwili, akapeleka shauri kwenye chombo cha usuluhishi cha wasafiri cha Ujerumani, ambacho abiria hakilipi chochote. Mwezi wa tano euro 600 ziliingia benki, kamili.

Njiani alitafutwa na kampuni moja ya mtandaoni inayodai kwa niaba ya watu. Kazi yao ni halali na wapo wanaosaidika nayo, ila huchukua robo ya fidia, wengine theluthi na zaidi. Kwa barua ya ukurasa mmoja naona ni ghali.

Mimi ndiye niliyeshika upande wa mama. Nilichukua maneno ya kaka, nikaweka jina la mama na namba ya tiketi yake, nikatuma. Nilitegemea ubishi ule ule. Jibu lilikuja haraka kuliko la kaka, na lilikuwa fupi: safari yako ilianzia Dar es Salaam na ilikuwa iishie Chicago, miji yote miwili iko nje ya Umoja wa Ulaya, kanuni haikuhusu.

Nilidhani ni janja yao. Ndege si iliruka kutoka Ulaya? Shirika si la Ulaya? Nikatafuta huo uamuzi walioutaja, nikausoma jioni mbili, na ikabidi nikubali kwamba wako sahihi.

Tarehe 7 Aprili 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu mbili siku moja. Ya kwanza ilihusu abiria wa kutoka Brussels kwenda San José, California, kwa kubadilisha ndege Newark. Walichelewa kwenye kipande cha pili, ndani ya Marekani kwenyewe, kwa ndege ya Kimarekani. Mahakama ikasema kanuni inawahusu, maana tiketi yao ni moja na safari yao ilianzia Brussels. Ya pili ilihusu tiketi ya kutoka Chișinău, Moldova, kwenda Bangkok kwa kupitia Vienna. Hapo ikasema kanuni haihusiki: palipoanzia safari ni nje ya Umoja, inapoishia ni nje ya Umoja, na kupitia Vienna tu hakumfanyi mtu awe ameanzia Vienna. Tiketi moja ni safari moja, na wanaangalia ulipoanzia.

Ukiweka hukumu hizo mbili mezani, unaona kaka yuko kwenye ya kwanza na mama yuko kwenye ya pili. Kaka alianzia Hamburg. Mama alianzia Dar. Kiti kilichopakana hakikuwasaidia.

Mimi si mwanasheria, lakini nitasema ninavyoona. Mantiki ya mahakama inaeleweka; kanuni ni lazima iwe na mpaka, na ni mahakama hiyo hiyo iliyowapanulia watu haki mwaka 2009. Ila mpaka wenyewe umepita juu yetu. Mwafrika Mashariki anayekwenda Marekani kupitia Ulaya kwa tiketi moja, mara nyingi ndiye mwenye safari ndefu kuliko wote ndani ya ile ndege, ndiye asiyeweza kwenda hotelini, na ndiye asiyelipwa. Kurudi ni vivyo hivyo, maana Chicago hadi Dar nayo inaanzia nje na kuishia nje. Wanaopitia Doha, Dubai, Istanbul au Addis Ababa kanuni hii haiwagusi kabisa.

Wapo ndugu zetu inaowahusu, na hao ndio ningependa waikate wakaiweke. Anayeishi Ulaya na kwenda Marekani au Kanada kutoka huko anahusika, hata kwa shirika la Kimarekani. Anayetoka Marekani kwenda kuishia ndani ya Umoja wa Ulaya anahusika akipanda shirika la Ulaya tu. Akipanda la Kimarekani, hana kitu. Nasi tunaotoka Dar au Nairobi tukienda kuishia Paris au Berlin kwa shirika la Ulaya, tunahusika. Uingereza ilipojitoa katika Umoja ilibaki na sheria inayofanana, kwa pauni 220, 350 na 520. Kanada ina yake: mashirika makubwa hulipa hadi dola 1,000 za huko mtu akichelewa saa tisa au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika na isiyohusu usalama. Marekani yenyewe haina sheria ya fidia kwa kucheleweshwa. Unachoweza kudai ni kurudishiwa nauli pale ndege ya kimataifa inapochelewa saa sita au zaidi nawe ukaamua kutosafiri. Mama asingeweza kuamua hivyo.

Alibakiwa na mlango mmoja, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania, Kenya na Marekani zote ni wanachama. Mkataba huu hauna kiasi kilichopangwa. Unasema shirika linawajibika kwa hasara iliyoletwa na ucheleweshaji, hadi kikomo fulani, isipokuwa lithibitishe kwamba lilifanya kila lililowezekana kuizuia. Madai yakifika mahakamani, muda ni miaka miwili. Lakini hasara lazima ionekane kwenye karatasi. Uchungu wa kumkosa mdogo wako kwa saa chache hauna risiti, na mahakama za Marekani, kwa mfano, zimekuwa zikikataa madai ya maumivu ya moyo peke yake kwa ndege iliyochelewa.

Nilikaa na kaka kwenye simu tukatoa zile karatasi za kwenye pochi: blanketi, chai, mikate, supu, kifurushi cha simu. Euro 64. Nikaandika barua nyingine ya kudai euro 64 kwa jina la mama, nikitaja kifungu cha 19 cha mkataba. Safari hii walikubali ndani ya mwezi, wakasema wanalipa bila kukiri kuwajibika, tafadhali jaza namba ya akaunti. Fomu yao ikataka ile namba ndefu ya akaunti wanayotumia benki za Ulaya, inayoitwa IBAN, ambayo benki za Tanzania hazina. Nikijaza namba ya akaunti ya mama, fomu inagoma. Nikiwaandikia, wananijibu nijaze fomu. Mara ya tatu wakapendekeza vocha. Mama aliposikia vocha imerudi tena alicheka, cheko la kwanza katika habari hii yote. Mwishowe alitia saini barua kwamba zilipwe kwenye akaunti ya kaka, zikalipwa.

Ziliponifikia kwa simu nilimpelekea mama noti mkononi. Alizihesabu, akauliza, “Hizi ni za blanketi?” Nikasema ndiyo, na chai. Akazitia chini ya kitambaa cha meza, zikakaa hapo wiki nzima.

Za kaka zilileta mjadala mrefu zaidi. Alitaka agawane na mama nusu kwa nusu, kwa hoja kwamba usiku ulikuwa mmoja. Mama akakataa: zako ni zako, umelipwa kwa kuanzia Hamburg, mimi sikuanzia Hamburg. Kaka akatuma 300 hivyo hivyo bila kuaga. Mama akamwambia azitume upya, lakini siyo kwake. Mtoto wa mama mdogo alikuwa bado anadaiwa gharama za maziko. Kule kumzika mtu ni deni la kulipwa kwa miezi, na michango ya msikitini haikutosha. Euro 600 zote zikaenda Chicago, na mama akaongezea zile za chini ya kitambaa. Yule binti alipokea, akapiga simu, wakalia wote wawili kwa muda mrefu huku mimi nimeshika simu katikati yao.

Mwakani mama anataka kwenda tena, kuzuru kaburi na kukaa na yule binti. Ametoa masharti yake mapema. Tiketi ya kwanza imfikishe Hamburg, akae kwa kaka wiki tatu, halafu tiketi nyingine ianzie Hamburg kwenda Chicago. Nilimwambia kwa mpango huo kanuni itamhusu kwenda. Akasema hilo si neno kwake; anachotaka ni ile viza ya Ulaya kwenye pasipoti, ili ndege ikiharibika tena naye apande basi la kwenda kulala kitandani. Ameshapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Tunasubiri jibu la ubalozi.